Kichupa cha Nyuma Kabisa

Madamu hakuwa mtu mbaya. Hili liwekwe wazi mapema, kwa sababu watu wakisimuliwa habari hii hukimbilia kumtafuta mbaya wao. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye siku moja aliitazama nyumba yake mwenyewe ikamtia aibu. Taa kila kona, mashine kila chumba, maji yanamwagika kama hayana mwenyewe. Akaamua kupunguza. Kiyoyozi kikashushwa ukutani. Maji ya kuogea yakaelekezwa bustanini. Mfuko wa plastiki ukawa hauvuki geti. Mashine ya kufulia nayo ikauzwa, na hapo ndipo Mama Chiriku alipopata kazi, maana nguo hazikuacha kuchafuka eti kwa kuwa mashine imeondoka.

Kwa hiyo Mama Chiriku alikuwa na sababu ya kumshukuru Mungu kwa kila kilichozimwa katika nyumba ile. Alifika asubuhi, akaloweka, akafikicha, akasuuza, akaanika nyuma ya nyumba, na mchana akasimama kwenye meza ya pasi mpaka kiuno kikamwambia inatosha. Jikoni alikuwepo mpishi, mwanamume wa makamo aliyekuwa na utani wa kukuvunja mbavu. Yeye alitakiwa sasa kwenda sokoni kila siku badala ya mara moja kwa wiki, ili vyakula visilale. Akirudi na kapu lake alikuwa akijitupa kwenye kigoda na kumwambia Mama Chiriku kwamba Madamu anapunguza na miguu yake inaongezewa, na kwamba karibuni wataambiwa wapike kwa pumzi zao.

Mama Chiriku alicheka, lakini si sana. Mwenye mtoto mgonjwa hacheki mpaka mwisho.

Mtoto mwenyewe ndiye Chiriku. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu alikuwa akiongea hata na chakula mdomoni, akiongea na kuku, akiongea na ukuta. Alikuwa na kisukari, kile cha watoto, cha kuchomwa sindano asubuhi na jioni maisha yote. Mama yake alijifunza kuchoma kwa kufundishwa na nesi wa kliniki, akajifunza kupima chakula kwa macho, akajifunza kulala huku sikio moja liko macho. Baba wa mtoto alikuwa akijenga nyumba za watu katika miji ya mbali, akituma chochote anachopata pamoja na salamu.

Shida ilikuwa dawa yenyewe. Insulini haitaki joto. Nesi alimweleza kwamba kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nyumbani, ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, mahali penye kivuli. Vile vingine ambavyo havijafunguliwa vikae kwenye friji. Alisema pia, na hili ndilo la kushika, kwamba visikae kwenye joto wala visigande. Lakini siku ile maneno yalikuwa mengi, mtoto analia, foleni inasukuma, na katika kichwa cha Mama Chiriku likabaki neno moja tu: baridi.

Friji angeitoa wapi? Chumba chao kilikuwa kimoja, bati juu, na ukiingia saa ya mchana ni kama umefungua tanuri. Umeme ulikuwepo kwa jina. Mwenye nyumba wao aliuwasha giza likiingia na kuuzima alipokwenda kulala, na wapangaji walimwita bahili nyuma ya mgongo wake na mzee wetu mbele ya uso wake.

Friji iliyokuwepo ni ya Madamu. Na Mama Chiriku alikuwa amekata shauri kabisa kwenda kumwomba. Maneno aliyapanga njiani, akayageuza, akayapunguza yasionekane mengi. Alipofika akakuta Madamu ana wageni barazani, wale wenzake wanaokutana kufundishana namna ya kuishi kwa kiasi. Akapitia nyuma, akaanza kazi. Mara akaitwa. Akaenda huku anajifuta povu kwenye kanga.

Madamu alimshika bega mbele ya watu. "Huyu ndiye mwalimu wangu," akasema. "Kwake hakuna friji, hakuna mashine, hakuna kinachotupwa. Anaishi vile ambavyo sisi tunahangaika kujifunza. Na hahitaji kitu."

Wageni walimtazama kwa heshima ya kweli. Mmoja, dada mwenye miwani, akamuuliza akitaka kujua: sasa bila friji chakula kinachobaki anakihifadhije?

"Huwa hakibaki, dada," akajibu.

Walicheka kwa kupendezwa, na mmoja wao akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo kubwa. Mama Chiriku naye akacheka. Hakuwaambia kwamba hakibaki kwa sababu hakitoshi. Ukweli ni kwamba alijisikia vizuri. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumshika bega mbele ya watu na kumwita mwalimu. Alirudi kwenye beseni lake shingo imenyooka, na yale maneno aliyoyapanga njiani yakashuka yakakaa tumboni. Utamwambiaje mtu aliyekusifu kwa kutohitaji kitu kwamba unahitaji friji yake?

Basi akamwendea mpishi. Mpishi alisikiliza, akakuna kidevu, akasema kichupa chenyewe ni kidogo kama kidole, kitaonwa na nani. Wakaviweka vichupa vyote ndani ya kikopo cha siagi kilichokwisha, wakakisukuma nyuma kabisa ya rafu ya juu, nyuma ya mitungi ya jemu aliyopika Madamu mwenyewe, kikagusa ule ukuta unaotoa baridi. Mama Chiriku akapapasa pale kwa mkono, akaona ndipo penye baridi kuliko kote, akaridhika. Kama dawa inataka baridi, si ndiyo ipewe baridi?

Na kwa muda mrefu mambo yakaenda sawa. Kila kichupa kilipokwisha nyumbani, alichukua kingine pale nyuma, akakifunga kwenye kitambaa chenye maji, akaenda nacho. Mtoto akanenepa mashavu. Akaongea mpaka mwalimu wake akamhamisha dawati.

Kisha Chiriku akaanza kunywa maji.

Alikunywa kikombe, akarudi kwenye mtungi, akanywa kingine. Shuleni akawa anaomba ruhusa ya kwenda chooni mpaka wenzake wakamtungia kichekesho. Mashavu yakaingia ndani. Mama yake aliijua dalili hiyo, ni ile ile ya mwanzo kabisa kabla hawajajua jina la ugonjwa. Lakini sindano alikuwa akichoma mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kipimo kile kile, hakukosa hata siku moja. Dawa ilikuwa mpya, imetoka kwenye friji ya tajiri. Chakula alikuwa akikipima. Sasa limebaki nini? Limebaki jambo moja tu. Mtoto anaiba vitamu.

Ukishaanza kumshuku mtoto, ndugu yangu, kila kitu kinakuwa ushahidi. Mama Chiriku alimnusa mdomo akitoka shule. Alimgeuza mifuko. Alikwenda dukani akamwambia mwenye duka, mbele ya wateja, kwamba mwanawe asiuziwe pipi hata akileta hela mkononi, na mwenye duka akaapa kwamba hajawahi kumuuzia, na yeye hakumwamini. Kopo la sukari alilipeleka kwa jirani. Kila jioni, kabla ya sindano, swali lilikuwa lile lile: umekula nini leo?

"Ulichonipa, mama."

"Na kingine?"

"Hakuna."

"Chiriku, niangalie usoni. Na kingine?"

Mtoto alilia, akaapa kwa kila alichokijua. Mama naye alilia, maana alikuwa anamwona mwanawe anayeyuka machoni pake na bado anamdanganya. Ikafika jioni moja Chiriku akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, alikula. Sukari. Alilamba kwa jirani.

Mama Chiriku akamchapa. Alimchapa kiganjani kwa mkono wake, halafu akampunguzia chakula, halafu akakaa mlangoni, na ndani ya uchungu wake kulikuwa na nafuu fulani, kwa sababu sasa walau alijua.

Siku hizo hizo mpishi alikuwa na mzaha mpya. Alimwambia kwamba friji ya Madamu imeingiwa na wazimu, karoti zinazolala nyuma anazikuta mchana ngumu kama mawe, akikata kisu kinaruka, lakini maziwa ya mlangoni yanachacha. Akasema labda na yenyewe imeanza kupunguza. Mama Chiriku alikuwa anapiga pasi shuka. Alicheka, akageuza shuka upande wa pili. Lile jambo lilipita pale mbele yake, na hakulishika.

Asubuhi aliyoanguka, Chiriku hakuongea tangu alipoamka. Mama yake alidhani amenuna. Mwalimu ndiye aliyemtuma mtu wa kumwita kazini: mtoto amelala juu ya dawati na haamki vizuri, na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva likapitiliza. Mama Chiriku aliacha nguo zikiwa bado kwenye povu. Kliniki aliifikia na mtoto mgongoni, mkubwa kiasi cha miguu kuburutika, lakini mwepesi, na ule wepesi ndio uliomtisha kuliko yote.

Walimpokea haraka. Maji ya mshipa, sindano, watu wanaingia na kutoka. Jua lilipokuwa juu kabisa, nesi, yule yule aliyemfundisha kuchoma, akatoka akasema amerudi, atapona, ila ilikuwa karibu. Halafu akauliza kilichotokea.

Mama Chiriku akamwambia kwa uchungu kwamba mtoto alikuwa akiiba sukari. Amekiri mwenyewe.

Nesi akatikisa kichwa. Akasema kulamba sukari kwa jirani hakumfikishi mtoto hapa kama dawa anaipata. Akaomba aone dawa. Ilikuwa kwenye mkoba, mama alikuwa ameipitia nyumbani. Nesi akakishika kichupa kile, akakizungusha taratibu kwenye viganja, akakiinua dirishani. Ndani, badala ya weupe laini kama wa maziwa, kulikuwa na vipande vipande, na vingine vimenata kwenye kioo kama chumvi.

"Hii iliganda," akasema. "Ikishaganda imekufa. Umekuwa ukimchoma maji, mama."

Mama Chiriku alitoka. Aliketi kwenye benchi la pale nje, na zile karoti ngumu kama mawe zikamjia zote kwa mpigo. Halafu, nyuma ya karoti, ikaja ile jioni mtoto aliposema ndiyo.

Mchana ule ule, Chiriku akiwa amelala chini ya uangalizi wa nesi, alirudi kwa Madamu. Hakupita nyuma. Alimkuta mpishi jikoni, wakafungua friji pamoja, wakatoa mitungi ya jemu. Kikopo cha siagi kilikuwa kimeshikwa na barafu ukutani, mpishi akakibandua kwa kijiko. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa akirudia tu kwamba yeye hajagusa kitu, yeye huondoka jioni na kurudi asubuhi na kukuta inanguruma kama kawaida.

Madamu akaingia akiwa na glavu za bustani. Akawaona wameinama mbele ya friji wazi, akauliza kwa upole kama imeharibika. Kisha akaeleza mwenyewe, kwa furaha kidogo, maana lilikuwa jambo lake jipya: tangu mvua zilipokatika amekuwa akiizima kila usiku baada ya chakula na kuiwasha alfajiri akiamka. Anaipandisha mpaka mwisho ili ishike baridi haraka. Alishangaa mwenyewe jinsi ilivyowezekana. Mtu unaweza kuishi na nusu ya friji.

Mama Chiriku alikiweka kile kikopo mezani, akafungua kifuniko, akamwonyesha.

"Hii ni dawa ya mwanangu. Nilikuwa naihifadhi hapa bila kukuambia. Leo yuko kliniki."

Madamu alivua glavu, moja, halafu nyingine. Aliuliza kama mtoto yuko hai, akaambiwa yuko hai. Akaketi kwenye kigoda cha mpishi, pale ambapo hakuwahi kukaa.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza mwishowe. "Ningekataa kweli?"

"Usingekataa, Madamu. Lakini uliwaambia wageni kwamba sihitaji kitu."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetoa mwiba wake mwenyewe, anautazama. Madamu aliziweka glavu mapajani. Labda alikuwa anatafuta ni lini alisema hivyo, maana anayesifu husahau kabla ya anayesifiwa.

Baadaye akaanza kuahidi. Atanunua friji ndogo ampe. Mama Chiriku akamweleza habari za mwenye nyumba wao na swichi yake, kwamba huko nako umeme huzimwa usiku, tena kwa sababu ile ile ya kupunguza, ila huko hakuna anayeita wageni kulitangaza. Mpishi akakohoa. Madamu akasema basi hii yake haitazimwa tena kamwe, na hizo jemu atazitoa zote. Akasema anataka aende kliniki sasa hivi amwone mtoto, amwombe radhi.

"Si leo," Mama Chiriku akajibu. "Leo kuna mtu mwingine wa kumwomba radhi kwanza."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka, kwa sababu alijua asiposema sasa, kesho shingo itainama tena kwa unyenyekevu. Akasema kuanzia sasa dawa itakaa rafu ya katikati, mbele, mbali na ule ukuta wa baridi, na kila atakayefungua aione. Na siku Madamu akitaka kuzima kitu, chochote, awaulize kwanza wanaoingia jikoni. Hakungoja jibu, ila alimwona Madamu anatikisa kichwa kwa kukubali, glavu ziko mapajani.

Na wewe unayesoma, kama una uwezo wa kupunguza, punguza. Dunia imechoka kweli, hata sisi wa vyumba vya bati tunalijua joto lake, pengine kabla yenu. Lakini angalia kwamba kilicho cha ziada kwako huenda kuna mtu amekiegemea kimyakimya bila wewe kujua. Na wewe mama mwenzangu uliyeegemea, sema. Usikubali kusifiwa mpaka ukose kauli. Sifa ni tamu, lakini mtoto hachomwi sindano ya sifa.

Chiriku alikuwa ameamka alipofika. Bomba la maji limefungwa mkononi, midomo imekauka, macho makubwa kuliko uso. Mama yake akaketi ukingoni mwa kitanda na hakujua aanzie wapi. Akaanza na miguu, akaifunika shuka, akaifunua, akaifunika tena.

"Hukula sukari," akasema.

Mtoto alimtazama kwa tahadhari, kama anayepima ni mtego au si mtego. "Sikula."

"Dawa ndiyo iliyokuwa imeharibika. Mimi ndiye niliyeiweka vibaya. Wewe hukukosa kitu."

Chiriku aligeuza macho kwenye bomba la mkononi.

"Mbona ulisema umekula, mwanangu?"

"Ulikuwa unalia kila siku," mtoto akasema. "Nilidhani nikisema ndiyo utaacha."

Mama Chiriku akasogea karibu. Akainamisha uso kwenye kile kiganja kisicho na bomba, kile kile alichokichapa, akakaa hivyo mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kuwapa nafasi. Alipoinua kichwa alimwambia mwanawe amsamehe, na hakusema kwa kuzungukazunguka wala kwa kumnunulia kitu. Alilitaja kosa lenyewe: nilikuchapa, nilikunyima chakula, nilikuaibisha dukani, na ulikuwa unasema kweli.

"Kuanzia leo," akasema, "ukiniambia hapana, ni hapana. Nitatafuta kwingine kabla sijakutafuta wewe."

Mtoto akalifikiria hilo kwa muda mrefu.

"Hata nikisema sitaki uji?"

"Uji utakunywa."

"Basi si hapana yote."

"Si yote," mama akakubali, akamsogezea kikombe cha maji mdomoni, akamshikia kichwa wakati anakunywa.